Sura ya Saba: Afisa Mipango Miji Anaporudi Darasani

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana ya alama nyekundu ya X ukutani. Nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, au bondeni, au imesimama palipochorwa kitu kingine, na siku yake ya kubomolewa inahesabiwa. Kwa miaka sita nilikuwa miongoni mwa wanaokuja na kopo la rangi. Nilikuwa na shahada ya kwanza, nilijua kuchora mchoro wa mipango miji, ule ambao maofisini tunauita TP, na vifungu vya sheria nilivijua. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini michoro yetu haifuatwi. Swali hilo ndilo huwarudisha wengi wetu darasani tukiwa tayari na mishahara, watoto na mafaili mezani.

Si swali la uvivu wa afisa mmoja. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika jiji la Dar es Salaam; ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa. Katikati ya idadi hizo mbili jiji lilipata mipango kabambe ya 1968 na 1979. Huo wa 1979 ulikusudiwa kudumu miaka 20. Miaka ikaisha, jiji likaendelea kutanuka kwa muda mrefu bila mpango mpya, na watu hawakungoja: walinunua mashamba vipande vipande, wakajenga. Leo zaidi ya nusu ya wakazi wanaishi katika mitaa iliyojengwa hivyo.

Hapo ndipo elimu ya kwanza inapoishiwa. Shahada ya kwanza hutufundisha zaidi kupanga ardhi tupu: chora barabara, kata viwanja, tenga shule na soko, kisha watu waje. Kazi ya kila siku katika halmashauri ni urasimishaji, na urasimishaji huanzia mwisho: nyumba zipo, vyoo vipo, kaburi la babu lipo, ndipo wewe unaitwa uchore. Sheria ya Mipango Miji ya 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1956, inataka wadau washirikishwe. Kushirikisha ni neno jepesi kuliandika kwenye ripoti. Kulitenda kunadai ujuzi ambao wengi wetu hatukuupata tukiwa na miaka ishirini na mbili.

Nchini Tanzania njia ya kuupata ujuzi huo inayofahamika zaidi hupitia Chuo Kikuu Ardhi. Kilianza 1956 kama shule ya upimaji pale Mgulani, kikawa Chuo cha Ardhi 1974, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Baadhi ya walimu wake waliacha kuitazama mitaa isiyopangwa kama ugonjwa, wakaichunguza kama miji yenye taratibu zake. Mwaka 2000 mmoja wao, Wilbard Kombe, alichapisha pamoja na Volker Kreibich wa Dortmund kitabu kuhusu jambo hilohilo. Na kuna programu ya uzamili ambayo mwanafunzi husoma mwaka wa kwanza Dortmund, Ujerumani, na wa pili katika chuo shirika, Ardhi kikiwa kimojawapo.

Faida kubwa ya darasa la watu wenye kazi ni watu wenyewe. Kwenye studio, ambayo ndiyo moyo wa masomo haya, mnakaa meza moja: mpima ardhi, mhandisi, mthamini, mwanasheria, afisa maendeleo ya jamii. Mnapewa bonde moja. Mhandisi anahesabu maji, mthamini anahesabu fidia, na mnagundua kwamba mfereji bora kwa mmoja ndio ghali kuliko yote kwa mwingine. Ofisini mabishano hayo hupita kwa barua, wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi. Mezani yanaisha kabla ya chai, au hayaishi, lakini angalau yamesikika. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, uliza siku za studio. Kusoma unaweza kufanya usiku; studio na kutembea mtaani vinataka mwanga wa jua, na mwajiri wako atoe ruhusa hiyo kwa maandishi.

Kisha inakuja tasnifu. Nilichagua mtaa niliowahi kuufanyia kazi, kwa sababu faili lake nililijua. Nyumba ya tatu tu, mama mmoja mtu mzima alifungua geti, akanitazama, akalitazama dodoso mkononi mwangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo X unaipiga wapi?”

Nilimwambia nimekuja kama mwanafunzi. Hakubishana. Alijifunga kanga, akavaa kandambili, akanitoa nje hadi kwenye njia ipitayo ubavuni mwa nyumba yake. Aliipima kwa miguu: hatua sita, kutoka ukutani hadi kwenye michongoma ya jirani. Zamani, alisema, ilikuwa uchochoro. Siku moja ukatokea msiba, na jeneza likashindwa kupita. Wabebaji walilipitisha juu ya ukuta. Matanga yalipoisha majirani walikaa, mjumbe akawa shahidi, kila mmoja akarudi nyuma. Karatasi ya makubaliano alikuwa nayo bado, ndani ya mfuko wa nailoni, ina alama za dole gumba za watu wanne.

Mchoro wetu ulionyesha barabara ya mita kumi ikipita juu ya jiko lake. Njia yake haikuwamo katika mchoro, na ilikuwa imelindwa miaka yote bila mgambo wala rangi.

Msimamizi wangu alisoma maelezo hayo, akakata kwa kalamu kichwa cha utafiti wangu, “Kwa nini wakazi hukiuka mipango”. Tulianza upya: ni makubaliano gani huiacha njia wazi, na nani huyalinda? Alinitaka pia nimwombe mwenzangu wa darasa awahoji wakazi wa mtaa ule, kwa sababu mtu hamjibu kwa uhuru aliyemjia jana na kopo la rangi, na niliandike jambo hilo waziwazi kwenye sura ya mbinu.

Tasnifu haijakamilika, nikakabidhiwa faili la urasimishaji la mtaa mwingine. Zamani ningeanza kwa picha ya anga. Safari hii nilianza kwa mjumbe, nikamuuliza kama kuna mtu anayetunza karatasi za mipaka. Aliingia ndani, akarudi na tatu.