Kesi ya Mirathi Inapopelekwa kwa Mpatanishi

Miongoni mwa maswali tuletewayo na jamaa zetu wa Tassia, Nairobi, limo hili: mjane amefungua kesi ya mirathi Milimani, nyumba ya kupangisha aliyoiacha marehemu imeshikwa na shemeji zake, na sasa mahakama imeamuru wote waende kwa mpatanishi. Je, kesi imetupwa?

La, haikutupwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, yazitaka mahakama zihimize suluhu, na mpango huu ulianza papo hapo Milimani mwezi wa Aprili 2016, kwa kesi za familia na za biashara. Kwetu si jambo geni. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa yaelekeza wanandoa wakizozana atumwe mwamuzi kutoka kila upande.

Mpatanishi hahukumu. Hupewa siku 60, naye husikiliza kwa siri. Yasemwayo humo hayageuzwi ushahidi baadaye. Asiyehudhuria bila udhuru aweza kutozwa gharama. Wasipoafikiana, kesi hurejea mahakamani. Wakiafikiana, mapatano huandikwa, hutiwa saini, yakawa amri ya mahakama isiyokatiwa rufaa.

Hapo penye saini ndipo tunapomtaka mama atulie. Ameketi mbele ya shemeji watatu, ameshaambiwa kuwa sulhu ni kheri, naye ameingiwa na haya. Tumewaona wengi wakiita sulhu kile ambacho hakika yake ni kunyamazishwa. Mjane mwenye watoto ana thumni yake. Wanazuoni wameruhusu mrithi kukubali kitu kingine badala ya fungu lake, nao huiita takharuji, lakini baada ya kulijua fungu lenyewe na kuridhia kwa hiari. Ama fungu la mayatima, hilo si lake kulisamehe, hata akibembelezwa vipi.

Basi kabla ya kikao aende kwa kadhi au mwanachuoni ahesabiwe mafungu. Achukue cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za kodi na karatasi zote za kiwanja (viwanja vya Tassia vina kisa kirefu na NSSF, na maneno matupu hayatoshi). Na akiletewa mapatano yaliyoandikwa kwa Kiingereza asichokifahamu, aombe yasomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla hajashika kalamu.