Ini Lilelile, Mwongozo Mpya

Mchukue mtu mzima mwenye homa ya ini sugu aina ya B, asiyesikia maumivu popote. Majibu ya damu yanaonyesha kimeng'enya cha AST ni 48, na kwa maabara hiyo mwisho wa kawaida ni 40. Chembe sahani ni 150. Gawanya 48 kwa 40, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa 150: unapata 0.8. Hesabu hii huitwa APRI, nayo hukadiria makovu ya ini bila kumchoma mgonjwa sindano ya kukata kinyama.

Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2015, alama iliyomtia daktari wasiwasi kwa mtu mzima ilikuwa zaidi ya 2. Huyu angeweza kuambiwa arudi nyumbani, aje kupimwa siku nyingine. Machi 2024 mwongozo ulibadilika, kiwango kikashuka hadi zaidi ya 0.5. Karatasi ni ileile ya maabara, ila sasa mgonjwa anastahili kuanzishiwa dawa ya tenofoviri. Tabibu aliyehitimu 2016 na hajapata mafunzo tangu hapo atamwacha aende zake, tena kwa nia njema kabisa.

WHO inakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B. Waliokuwa wamegunduliwa ni asilimia 13 tu, na waliopata tiba asilimia 3 hivi. Mabingwa wa ini hawatoshi kuwafikia hao wote, hata wakifanya kazi usiku na mchana.

Daktari Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikabili tatizo kama hilo kwa homa ya ini C. Wagonjwa walisubiri hadi miezi minane kumwona. Mwaka 2003 alianzisha mradi wa ECHO: kila wiki watabibu wa vijijini na magerezani walikutana na mabingwa kwa video, wakawasilisha wagonjwa wao halisi bila kuwataja majina, wakajadiliana. Matokeo yalichapishwa 2011. Waliopona chuoni walikuwa asilimia 57.5, na huko vijijini na magerezani asilimia 58.2. Na hiyo ilikuwa enzi ya interferoni, dawa ngumu yenye madhara mengi.

Kwetu kuna faida moja ambayo Arora hakuwa nayo. Tenofoviri si ngeni: wauguzi wa kliniki za VVU wanaitoa kila siku. Wanachohitaji kufundishwa ni upande wake wa ini, hasa kwamba mwenye VVU na homa ya ini B akibadilishiwa dawa tenofoviri ikaondolewa, virusi vya ini vinaweza kuamka na kumletea ugonjwa mkali, hata kifo.

Somo kama hilo halikai kichwani kwa warsha moja ya hotelini, yenye chai ya saa nne, posho na cheti cha pointi za kuhuisha leseni. Hukaa pale mtu anapolitumia kwa mgonjwa aliye mbele yake, akasahihishwa wiki hiyohiyo. Waganga wakuu wa mikoa, watengeeni watabibu wenu saa moja kwa wiki, na bando la intaneti.