Mbuzi Asiyekanyaga Ardhi

Mpwa wangu hapa Mwingi alinionyesha mbuzi aliyemchora kwa penseli katika kurasa za daftari. Alipoziachia kurasa upesi kwa kidole gumba, mbuzi alisogea, lakini alielea kama mtumbwi; hakutembea. Kijana akadai dawa ni kununuliwa kompyuta.

Sikukubaliana naye. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, dakika moja huhitaji michoro 720. Kazi hiyo haitaki akili iliyogawanyika. Richard Williams, aliyeongoza uchoraji wa vibonzo katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit (1988), alisimulia kwamba alipomwuliza mkongwe Milt Kahl wa kampuni ya Disney kama husikiliza muziki akichora, mzee alighadhibika: hakuwa, alisema, na akili ya kuwaza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Msomaji, hata sisi wa isimu twalijua hilo: asiyesikiliza kwanza hawezi kuiandika lugha ya watu. Basi nilimpeleka kijana kwenye soko la mifugo, tukatazama kwato tu. Jioni alifuta miguu yote minne, akaanza upya. Kompyuta na ije. Jicho halinunuliwi dukani.