Biashara ya injini za turbo: faida imehamia kwenye waya

Muuzaji wa injini kuukuu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hataji bei kabla hajamuuliza mteja jambo moja: unataka injini tupu au seti? Injini tupu ni chuma kilichofungwa juu ya paleti. Seti huja na turbo yake, giaboksi yake, waya zote, kompyuta iliyokuwa ikiiongoza na mara nyingine hata pedeli ya mafuta ya gari ilimotolewa. Tofauti ya bei ni kubwa, na mteja mgeni huona anataka kupigwa. Baadaye, gari likiwa limekaa gerejini wiki baada ya wiki bila kuwaka, ndipo anapojua kwamba alichokataa kulipia ndicho kilichokuwa bidhaa.

Kazi ya kutoa injini ya kawaida na kufunga ya turbo, pamoja na giaboksi ya oto inayoweza kuihimili, imejijenga katika miji ya Afrika Mashariki bila kiwanda na bila mpanga bei. Inalisha waagizaji, madalali, mafundi injini, mafundi umeme wa magari na wachomeleaji. Kwa macho, fedha yote iko kwenye chuma kilichopangwa dukani. Ukifuata hesabu ya gari moja tangu linapoingia gereji hadi linapotoka, utaona sehemu kubwa ya faida, na karibu hasara yote, iko kwingine.

Mlango ulifungwa, dirisha likabaki wazi

Soko hili limezaliwa na kodi na kanuni kuliko mapenzi ya mwendo kasi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo Toyota Chaser au Mark II ya mwishoni mwa miaka ya 1990, iliyotoka kiwandani na injini ya turbo ya 1JZ-GTE, haiwezi kushushwa Mombasa ikiwa nzima. Injini yenyewe, ikishatolewa kwenye gari hilo, inauzwa Nairobi mchana kweupe. Anayeitaka hana budi kutafuta bodi ambayo tayari iko nchini.

Tanzania haikufunga mlango, ila iliweka kiingilio. Gari la kutembelea lenye umri wa miaka 8 hadi 10 limekuwa likitozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Hayo ni mbali na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na kodi ya ongezeko la thamani. Bodi iliyokwisha kulipiwa yote hayo ni mtaji. Mwenye Mark II isiyo na kutu ana kila sababu ya kubaki nayo na kubadili kilicho chini ya boneti.

Mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilifuta pia ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikipanda kadiri cc zinavyopanda, na kuihamishia kwenye mafuta. Tangu hapo injini kubwa haimgharimu mwenyewe kitu kwa kukaa nayo tu. Anailipia akiiwasha.

Injini zinatoka wapi

Chanzo kikuu ni Japani, na sababu yake pia ni sheria. Gari jipya la kawaida la binafsi huko hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Likivuka miaka 13, gari la petroli huongezewa kodi ya mwaka. Wajapani wengi huliachia gari likiwa bado linatembea vizuri. Sheria ya urejelezaji wa magari iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2005 iliufanya uchinjaji wa magari kuwa kazi rasmi, yenye yadi na vibali. Kutoka kwenye yadi hizo injini huingia kwenye makontena ya Mombasa na Dar es Salaam, nyingine zikipitia Sharjah, ambako kuna soko kubwa la spea za mtumba. Soko la Kisekka la Kampala hupata mgao wake kupitia bandari hizo hizo.

Mwagizaji mzoefu hupendelea kununua "hafukati", yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa pamoja na kila kilichomo. Inakula nafasi kwenye kontena, lakini inamwondolea kazi ya kutafuta vipande vidogo mia vinavyosahaulika: bomba la kupeleka oili kwenye turbo, bomba la kuirudisha, soketi za sensa, vishikizo vya injini. Mwenye hafukati anauza seti. Aliyeagiza injini tupu kumi anauza matumaini kwa wateja kumi.

Dukani, uchunguzi hufanyika kwa mikono. Fundi huingiza vidole kwenye mdomo wa turbo, akashika ncha ya shafti na kuitikisa. Ikicheza kidogo kwenda pembeni haimtishi, kwa sababu turbo ikifanya kazi shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando wa oili, na utando huo unahitaji nafasi. Kisha huivuta na kuisukuma, mbele na nyuma. Ikisogea huko, au mapanga yakionyesha alama za kukwaruza nyumba yake, turbo imekufa na bei lazima ishuke. Kwenye giaboksi huchomoa kijiti cha oili, akayapaka mabaki yake kwenye karatasi nyeupe na kunusa. Wekundu ni dalili njema. Rangi ya kahawia na harufu ya kuungua ni klachi zilizokwisha.

Kwa nini Mark II na Forester

Si kila gari linalipa. Mark II GX110, inayojulikana mno barabarani kwetu, ilitoka na injini ya 1G-FE ya lita 2.0, silinda 6, nguvu za farasi 160 na nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 200. Toyota hiyo hiyo iliuza ndugu yake, JZX110, ikiwa na 1JZ-GTE ya lita 2.5: turbo moja, nyutoni-mita 378 zinazopatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika, na nguvu za farasi 280. Namba hiyo ya mwisho haikuwa bahati. Ndiyo ilikuwa dari ambayo watengenezaji wa Japani waliafikiana wasiivuke hadi mwaka 2004.

Kibiashara, undugu huo wa bodi ni muhimu kuliko nguvu za farasi. Kwa kuwa kiwanda kilikwisha kuiweka injini hiyo kwenye bodi hiyo, vishikizo, mashimo ya bolti na njia za bomba vipo tayari. Kazi inabaki ya spana. Gari lisilo na ndugu wa aina hiyo linahitaji kukata na kuchomelea, na kila saa ya mchomeleaji inamla fundi aliyekwisha kukubaliana bei ya jumla.

Subaru Forester SG5, ya miaka ya 2002 hadi 2007, ina mantiki hiyo hiyo. Ilitoka na EJ20 ya kawaida na pia EJ20 ya turbo. Hata hivyo ina mitego yake. Intakula ya Forester, yaani kipoza hewa ya turbo, hukaa juu ya injini, ikitegemea upepo unaoingia kwenye tundu la boneti. Anayehamia turbo lazima anunue na boneti yenye tundu, kitu ambacho hakimo kwenye bei ya injini na ambacho muuzaji hana haraka ya kukitaja.

Giaboksi ndiyo inayokula mtaji

Vijana wa mashindano wangependa gia za mkono. Soko linaamua vingine. Magari mengi ya Japani ni ya oto, kwa hiyo giaboksi za oto ndizo zinazokuja zimeshikana na injini. Zile za mkono zinazohimili turbo zimekuwa adimu, kwani zinagombewa na wacheza drifti wa dunia nzima. Wateja wengi, nao, ni watu wanaokwenda kazini kila siku kwenye foleni za Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, au Thika Road, Nairobi, na hawataki klachi ya mguu.

Hapo ndipo makosa ya bei mbaya hufanyika. Mteja mwenye bajeti finyu huomba abakishiwe giaboksi yake ya zamani. Inafanya kazi, kwa muda. Lakini giaboksi iliyobuniwa kwa nyutoni-mita 200 ikipewa karibu mara mbili ya mzigo huo huanza kuteleza, oili yake huchemka, klachi huungua. Gharama ya kufungua gari mara ya pili huzidi kile alichokuwa ameokoa.

Kwenye Subaru kuna mtego wa hesabu. Gari linaendesha matairi yote manne, kwa hiyo uwiano wa gia ya mwisho iliyomo ndani ya giaboksi lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Kuna Subaru za oto zenye uwiano wa 4.111 na nyingine 4.444. Ukifunga giaboksi ya kwanza ukaacha difu ya pili, matairi ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kwenda mwendo tofauti, na klachi ya kati inayoyaunganisha hujisaga hadi iishe. Gari linaondoka gerejini likiwa zima na linarudi likiwa juu ya breakdown.

Fundi umeme ndiye bosi mpya

Zamani fundi injini ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi na fundi umeme aliitwa mwishoni kuwasha taa. Mpangilio huo umegeuka. Injini za kizazi hiki haziwaki bila kompyuta kuridhika. Kompyuta ya gari la gia za mkono haijui kubadili gia za oto. Kwenye Subaru za baadaye mafuta hayavutwi tena kwa kebo bali kwa umeme, na kuna kinga ya wizi inayodai ufunguo wake. Mtu anayeweza kukaa na michoro ya waya mbili, ya gari lililopo na ya injini iliyokuja, akaziunganisha na dashibodi ikaonyesha kila kitu bila taa ya injini kuwaka, anajitajia bei. Hana duka, hana stoo. Mtaji wake ni kompyuta ya mapajani na sifa.

Ndiyo maana seti ni ghali. Muuzaji aliyeacha waya bila kuzikata amemwokolea fundi siku nyingi, naye anauza siku hizo.

Dhamana ya mdomo

Udhaifu mkubwa wa biashara hii ni dhamana. Desturi ni "ifunge, iwashe, ikisumbua rudisha", na muda wake huhesabiwa kwa siku. Lakini injini ikisumbua, muuzaji husema fundi ameifunga vibaya, fundi husema injini ilikuja mbovu, na mteja hubaki katikati na risiti isiyo na hata namba ya injini. Turbo inaweza kufa ndani ya dakika chache kwa sababu tu bomba la oili liliziba au liliachwa halijajazwa. Bila kumbukumbu ya maandishi, hakuna anayeweza kuthibitisha kosa ni la nani.

Karatasi za serikali nazo hupuuzwa. Namba ya injini na ukubwa wake zimo kwenye kadi ya gari ya Tanzania na kwenye logbook ya Kenya. Zikibadilika, mamlaka ya mapato ya Tanzania (TRA) au mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya (NTSA) inapaswa kujulishwa, na hati za kuonyesha injini ilinunuliwa wapi na kulipiwa ushuru zinahitajika. Asiye nazo anajipalia makaa mara mbili: siku ya kuuza gari, na siku ya ajali, kampuni ya bima itakapokuta injini yenye nguvu karibu maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kisima kinakauka

Injini zinazolisha soko hili hazitengenezwi tena. Familia ya 1JZ ilifika mwisho mwaka 2007. EJ20, iliyoanza na Legacy mwaka 1989, iliagwa na toleo la mwisho la WRX STI la magari 555, lililotangazwa mwaka 2019. Wakati huohuo Marekani huruhusu magari yaliyotimiza miaka 25 kuingia bila kukidhi viwango vyake vya usalama, kwa hiyo gari la michezo la Kijapani la miaka ya 1990 sasa lina thamani zaidi likisafirishwa zima kuliko likikatwa. Bei haitashuka.

Magari yanayoingia Kenya leo, kwa kanuni ya miaka 8, yana injini ndogo za turbo, giaboksi za CVT na mifumo ya haibridi. Yatakapochakaa, ndiyo yatakayokuwa spea. Kazi ya kuyapandikiza itakuwa na bolti chache na programu nyingi.

Mwenye duka anayetaka kuwapo wakati huo ana mambo matatu ya kuanza nayo sasa, na yote ni rahisi kuliko kontena moja la chuma kitupu. Aandike namba ya injini na ya giaboksi kwenye kila risiti. Auze injini, giaboksi na kompyuta zilizotoka gari moja, kwa bei moja. Na aingie mkataba na gereji moja au mbili anazoziamini, ili dhamana yake ihusu gari linalotembea na wala si chuma kilichotoka dukani. Wateja watalipa zaidi. Wengi wao, wakishaungua mara moja, wameshaanza kulipa.