"Mali ikishauzwa hairudishwi": sharti hili lina uzito gani?

Chini ya risiti nyingi za maduka ya vifaa vya umeme na kompyuta huandikwa, kwa herufi ndogo au kwa mhuri mwekundu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo tumeyazoea kiasi kwamba hatuyasomi tena. Mkazi wa Tanga mjini anaweza kuyapuuza, kwani akirejea dukani jioni na birika lisilochemsha hapotezi ila nauli ya daladala. Sisi wa Mazinde hali yetu ni nyingine.

Mazinde iko chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe na Mombo kuelekea Same na Moshi. Katika karne ya 19 hapa palikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye nguvu zake zilitokana kwa sehemu kubwa na misafara ya biashara iliyopita bondeni. Biashara bado inatupitia mbele ya macho, ila sasa inapita kwa mabasi na malori, na maduka makubwa ya vifaa hayapo kwetu. Jokofu, pasi, betri ya kompyuta mpakato, vyote huja kwa basi kutoka Tanga au Kariakoo. Anayetaka kurudisha kitu hulipa nauli yake, hulipia mzigo, na hupoteza siku nzima ya kazi. Muuzaji analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alipopata zamu yake katika mchezo wa akina mama aliongeza akiba aliyokuwa nayo, akanunua jokofu la mtumba mjini. Kusudi lake lilikuwa kuuza barafu, maji na juisi ya ukwaju kwa wasafiri na vibarua wa mkonge. Dukani liliwashwa mbele yake, taa ya ndani ikawaka, likanguruma. Nani asingeridhika? Lakini taa na mngurumo si baridi. Lilipofika nyumbani lilikesha likifanya kazi usiku mbili, na chupa za maji zikabaki na uvuguvugu wa bondeni. Akaitwa fundi, akakata bomba, akajaza gesi mpya. Wiki ilipokwisha, hali ikarudi ile ile. Mama alipopiga simu dukani aliambiwa kwanza asome risiti, kisha akaambiwa kwamba jokofu limekwisha kufunguliwa na halina mjadala tena.

Tulifuatana naye kwa ustadhi wa msikitini kwetu, na aliyotueleza yanastahili kuwafikia wengi, hasa kwa kuwa Waislamu wa pwani na bara yetu kwa sehemu kubwa tunafuata madhehebu ya Imam Shafii. Mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwapo kabla ya kupokea mali, aibu ipunguzayo thamani au manufaa yake, ana khiyari ya kuirudisha na kupewa fedha zake. Haki hii haitokani na huruma ya mwenye duka. Inatokana na mkataba wenyewe, kwa sababu aliyelipa bei ya kitu kizima alikusudia kitu kizima. Na muuzaji anayeijua aibu analazimika kuitaja. Wengi tunakikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona.

Vipi basi kuhusu mhuri mwekundu? Hapa wanazuoni hawakunyamaza. Imam Nawawi, katika Minhaj, analizungumzia sharti la muuzaji kujivua na aibu zote, na kauli iliyo wazi zaidi kwake ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, si katika kingine. Mnyama anakula, anatembea, na ugonjwa wake unaweza kumfichika hata mwenye kumfuga. Jokofu si mbuzi.

Hata hivyo haki hii ina masharti yanayomlazimu mnunuzi naye, na ndipo wengi tunapoipoteza bila kujua. Kurudisha ni kwa haraka, mara aibu inapojulikana, kwa kadiri ya desturi na uwezo. Anayeendelea kukitumia kitu baada ya kuijua aibu huhesabiwa kuwa ameridhika nayo. Mtu anayesema, "Nitaendelea nalo hadi mwisho wa mwezi, kisha nilipeleke," amekwisha kujifungia mlango. La tatu ndilo lililomgusa jirani yetu: kikipatwa na aibu mpya mikononi mwa mnunuzi, kama bomba lililokatwa na fundi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kukipokea. Lakini hapotezi kila kitu. Anaweza kubaki nacho na kudai arshi, yaani fidia ya upungufu. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jokofu zima la aina ile lina thamani ya shilingi 400,000, na likiwa na aibu ile thamani yake ni 300,000. Upungufu ni robo. Ikiwa lilinunuliwa kwa 360,000, arshi ni robo ya bei hiyo, shilingi 90,000.

Ustadhi alizungumza na mwenye duka kwa simu, mara tatu, na mara ya tatu mazungumzo yalikuwa marefu. Hatimaye bwana yule alikubali kulipia kompresa. Ufundi na usafiri ulibaki juu ya mjane, na sisi kwa maoni yetu hapo hakutendewa kamili, ila yeye mwenyewe alisema yamekwisha. Barafu sasa anauza.

Upande wa sheria za nchi mambo hayako mbali na hayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa inayouzwa na mwenye biashara ya bidhaa za aina hiyo yapaswa kuwa na ubora unaouzika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni miongoni mwa kazi zake. Lakini pasipo risiti ya mashine ya EFD yenye tarehe na jina la duka, malalamiko hayana pa kusimamia. Tuombe pia namba ya kifaa iandikwe, maana jokofu jeupe linafanana na jokofu jeupe.

Vipuri vya kompyuta vina hila zake, na nyumba yetu imezionja kwa ajili ya kompyuta ya mezani inayochapa mitihani ya madrasa. Tuliagiza kumbukumbu, ile iitwayo RAM, ya aina ya DDR3, tukaletewa DDR4. Kwa macho ni ndugu wawili, lakini moja ina pini 240 na nyingine 288, na mwanya wake hauko mahali pamoja, kwa hiyo haiingii hata kwa nguvu. Heri hiyo, kwani udanganyifu wake unaonekana. Flashi bandia ni mbaya zaidi: kompyuta huisoma kuwa ni ya GB 64, nayo hupokea mafaili bila kulalamika, kumbe nafasi ya kweli ni sehemu ndogo tu na yaliyozidi yamepotea. Njia ya kuijua ni kuijaza yote kisha kuyafungua mafaili moja baada ya jingine. Chaja ya kompyuta mpakato nayo yataka volti ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zisipungue, hata kama kichwa chake kinaingia vizuri.

Vifaa vya mtumba kutoka Japani na Marekani tuvitazame kibandiko kabla ya sura. Kule umeme ni volti 100 na 120. Kwetu ni 230. Birika la volti 115 likichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu huvuta nguvu mara nne ya lilivyoundiwa, na maisha yake ni ya dakika chache. Jokofu lililosafirishwa likiwa limelazwa lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi kwenye kompresa. Na umeme ukikatika na kurudi, lipumzishwe dakika tano. Muuzaji mwaminifu huyasema haya bila kuulizwa.

Kwa sisi tulio mbali, dawa iliyo karibu zaidi ni khiyari ya sharti. Imepokewa kwamba Habban bin Munqidh, aliyekuwa akihadaika katika biashara, alifundishwa na Mtume (s.a.w.) kumwambia anayeuziana naye kuwa hapana kuhadaana, na akapewa khiyari ya siku tatu. Katika madhehebu yetu siku hizo tatu ndiyo kikomo, nazo huhesabiwa tangu mkataba unapofungwa, si tangu basi linapoteremsha mzigo. Mnunuzi aweke wakala mjini akitazame kifaa, sharti liandikwe nyuma ya risiti pale pale juu ya mhuri, na kijaribiwe usiku huo huo kinapofika.

Madrasa imenunua tena RAM, safari hii kwa sharti hilo, na mwenye duka ametia saini bila ubishi. Mkataba ulifungwa Ijumaa asubuhi, mzigo ukateremshwa Mazinde baada ya Magharibi. Mwalimu ameichomeka, kompyuta imewaka na kuisoma, na ameiacha ikifanya kazi mfululizo. Muda wake unakwisha Jumatatu asubuhi.