UWANJA MPYA WA MICHEZO: NANI ANALIPA?



Miaka ya karibuni nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na mabishano makubwa juu ya ujenzi wa viwanja na kumbi za michezo kwa fedha za umma. Wako wanaosema ni heshima ya taifa na ajira kwa vijana. Wako wanaosema hospitali na shule zitangulie. Makala haya yanaeleza fedha hizo hutoka wapi, na mfanyakazi aulize nini kabla msingi haujachimbwa.

Tuanzie Kobero, upande wa Muyinga, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Hapa hupita malori yanayoleta mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, na hapa serikali hukusanya ushuru wa forodha. Mwezi Juni 2022 timu ya taifa ya Burundi, Intamba m'Urugamba, ilicheza na Kameruni mechi ambayo kwa ratiba ilikuwa ya nyumbani. Lakini ilichezwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa kuwa Burundi haikuwa na uwanja uliotimiza masharti ya CAF. Mpenzi wa mpira wa Muyinga aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" ilimbidi avuke Kobero na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Kenya nayo ilipatwa na hayo hayo. Juni 2024 ilipaswa kuikaribisha Burundi katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Mechi hiyo ilichezwa Lilongwe, Malawi. Basi haja ya viwanja ipo, na mfanyakazi hana sababu ya kuukataa mpira. Swali ni gharama, na nani aibebe.

Kodi ni jasho la nani?

Wengine hudhani "fedha za serikali" ni fedha zisizo na mwenyewe. Sivyo. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha SOSUMO au wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura hukatwa kodi mshahara wake unapofikia kiwango cha kisheria. Tena hulipa dukani. Nchini Burundi kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Ukinunua bidhaa yenye kodi hiyo kwa faranga 1,180, faranga 180 ni za hazina ya serikali. Hata kibarua asiyekatwa kitu kwenye mshahara huzilipa.

Iko pia kodi ya nguvu za mikono. Wakati wa utawala wa Rais Pierre Nkurunziza viwanja vilijengwa katika mikoa mbalimbali ya Burundi, na wananchi walichangia kwa kazi za jumuiya za siku ya Jumamosi. Aliyebeba mawe na mchanga amelipa kodi, ingawa hakupewa risiti.

Njia tatu za kupata fedha

Njia ya kwanza ni msaada wa nchi rafiki. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulikamilika mwaka 2007 na China ilichangia gharama. Msaada hupunguza mzigo wa kujenga. Lakini maji, umeme, nyasi na walinzi hubaki kwa mwenye nyumba.

Njia ya pili ni serikali kulipa yenyewe. Rwanda ilifungua ukumbi wa michezo wa Kigali Agosti 2019. Una viti 10,000 na uligharimu kiasi cha dola milioni 104. Yaani dola 10,400 kwa kila kiti. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ilikubali kulipa dola milioni 7 kwa miaka 6 ili ukumbi uitwe jina lake, BK Arena. Tupige hesabu: hiyo ni zaidi kidogo ya dola milioni 1.1 kwa mwaka, karibu asilimia moja tu ya gharama ya ujenzi. Fedha hizo zasaidia uendeshaji, lakini kwa kiwango hicho haziwezi kurudisha gharama ya ukumbi katika maisha ya mtu mmoja.

Njia ya tatu ni mkopo. Kwa uwanja wa Talanta wa viti 60,000, Nairobi, zilitolewa hati za mkopo za shilingi bilioni 44.79 za Kenya, zilizoorodheshwa katika soko la hisa Julai 2025. Muda wake ni miaka 15, na faida kwa mkopeshaji ni karibu asilimia 15 kwa mwaka. Maana yake, deni likiwa bado zima, riba ya mwaka mmoja inakaribia bilioni 6.7. Malipo yametegemezwa kwenye Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaopata fedha kutokana na kodi za michezo ya kubahatisha. Na wanaobeti ni nani? Wengi ni vijana wetu wenyewe.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono Talanta wanasema Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa na CAF Septemba 2023 uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027, na mwenyeji hawezi kukosa uwanja. Wanasema pia kwamba jengo kubwa huvuta mengine. Mfano upo: karibu na BK Arena ilifunguliwa Julai 2025 Zaria Court, yenye hoteli, ya mwekezaji Masai Ujiri.

Wanaopinga wanasema mfuko uliofungwa na deni kwa miaka 15 hauna uhuru wa kusaidia mahitaji mengine. Wachumi wa Marekani waliochunguza viwanja kwa miaka mingi wamekuta kwamba kwa kawaida haviinui kipato cha mji kama inavyoahidiwa. Sababu ni rahisi: fedha anayotumia mtu uwanjani ni ile ambayo angeitumia kwingine mjini humo humo. Imehama mfuko tu.

Afrika ya Kusini inatupa somo jingine. Julai 2009, wakati viwanja vya Kombe la Dunia la 2010 vikijengwa, wafanyakazi wa ujenzi wapatao 70,000 waligoma karibu wiki moja wakapata nyongeza ya mishahara ya asilimia 12. Walijua thamani ya kazi yao ni kubwa kabla ya siku ya ufunguzi. Baada ya ufunguzi hakuna anayemkumbuka fundi.

Maswali ya kuuliza

Kwa hiyo, mradi wa namna hii ukitangazwa, tawi la chama liulize:

1. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na riba?
2. Mechi ikiisha, nani atalipa umeme, maji na ukarabati, na kutoka fungu gani?
3. Ni siku ngapi kwa mwaka uwanja utatumika, na tiketi ya chini ni bei gani kulingana na mshahara wa siku?
4. Mkataba wa ujenzi unasemaje juu ya mishahara, usalama kazini na ajira ya wenyeji?
5. Watakaohamishwa watalipwa lini: kabla au baada?

Majibu yawe kwa maandishi. Maneno ya mkutanoni hupeperuka, bali karatasi yenye sahihi hubaki. Kuuliza hivi si kuupinga mpira. Mwenye kulipa karamu ana haki ya kujua bei ya ng'ombe kabla hajachinjwa.