Bukavu: Wanaohesabu siku za visa ya kazi ya Marekani, huku karatasi zao zikiisha muda

Tarehe haikusogea. Mwezi wa saba wa 2025 ilikuwa 1 Aprili 2023, mwezi wa nane hivyo hivyo, wa tisa hivyo hivyo, na jedwali la visa la Oktoba 2025 likatoka likiwa na tarehe ile ile. Kwa msomaji wa kawaida hayo ni maandishi madogo katika ukurasa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kwa familia ya Bukavu ambayo mmoja wao aliombewa visa na mwajiri wa Marekani, hiyo ndiyo habari ya mwezi mzima.

Wenye kungoja namna hiyo si wengi kama wanaojaribu loteri ya grin kadi, wala si wengi kama wakimbizi waliopelekwa kule kupitia HCR. Lakini wapo: wauguzi waliosoma ISTM, waganga, mafundi, walimu wa vyuo vikuu, na wale ambao ndugu aliyetangulia Marekani aliwatafutia mwajiri. Swali lao ni moja: dosie imefika wapi, na bado siku ngapi? Jibu ni gumu kuliko wanavyoambiwa na watu wanaowatoza pesa ili kuwajibu.

Shida ya kwanza ni kwamba hakuna muda mmoja wa kungoja. Kuna ofisi tatu au nne, na kila moja ina foleni yake.

Kwa kazi nyingi, mwajiri huanzia Wizara ya Kazi ya Marekani. Huko lazima aonyeshe kwamba alitafuta Mmarekani wa kufanya kazi hiyo akakosa. Kibali hicho huitwa PERM, na siku hizi kukipata kunachukua zaidi ya mwaka. Kikitoka, kina uhai wa siku 180 tu. Mwajiri asipopeleka ombi la I-140 ndani ya siku hizo, anaanza upya. I-140 inaenda USCIS, idara ya uhamiaji. Ikikubaliwa, dosie inahamia National Visa Center, kituo kilichoko Portsmouth, jimbo la New Hampshire, ambako karatasi za familia zinakusanywa. Mwisho ni mahojiano katika ubalozi wa Kinshasa.

Wauguzi wana nafuu: Marekani imekwisha kukubali kwamba inawakosa, kwa hiyo mwajiri wao haombi PERM, anapeleka I-140 moja kwa moja. Ila muuguzi aliyesoma kwa Kifaransa ana mlima wake mwingine, mtihani wa Kiingereza na ule wa leseni ya uuguzi, na huo haumo katika jedwali lolote.

Kwamba ofisi hizi haziendi pamoja kulionekana wazi Oktoba 2025. Tarehe 1 Oktoba serikali ya Marekani ilifunga sehemu ya kazi zake kwa sababu bunge halikupitisha bajeti. Wizara ya Kazi ilisimamisha kwa muda kushughulikia maombi ya PERM. USCIS iliendelea, kwa sababu inaishi kwa ada za waombaji. Kwa hiyo watu wawili wa komini moja ya Kadutu, wenye ndoto moja, walikuwa katika hali mbili tofauti: mmoja dosie yake ililala, mwingine yake ilitembea.

Kila anayeingia ukurasa wa USCIS kuangalia muda wa kushughulikia I-140 anakuta hesabu ya miezi. Wengi wanaisoma kama ahadi. Sivyo ilivyo. Namba hiyo inaeleza yaliyopita: katika miezi sita iliyotangulia, asilimia 80 ya maombi yaliyomalizika yalimalizika ndani ya muda huo. Maana yake, ombi moja kati ya matano lilichukua muda mrefu zaidi, na hakuna aliyekosea. Ukurasa huo huo unaonyesha tangu tarehe gani mtu anaruhusiwa kuuliza kwa nini amecheleweshwa. Kabla ya tarehe hiyo, kuuliza hakubadilishi kitu.

Kuifuata dosie yenyewe ni bure. Ombi likipokelewa, USCIS inatoa risiti yenye namba ya alama 13, herufi tatu na tarakimu kumi. Mtu anaiandika katika ukurasa wa USCIS, hata kwa simu ndogo, na hali ya ombi inatokea. Tatizo ni kwamba risiti hiyo haiji Bukavu. Mwenye ombi la I-140 ni mwajiri, si mfanyakazi, kwa hiyo karatasi inaenda kwa mwajiri au kwa wakili wake. Asiye na namba hana cha kufuata, na hapo ndipo makomisioneri wanapopatia riziki. Mtu anayesema dosie iko lakini hataki kutoa namba, anapaswa kuulizwa kwa nini.

Jambo jingine halijulikani vya kutosha: sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za PERM, hata malipo ya wakili aliyeiandaa. Anayeomba dola za kulipia kibali cha kazi, ama anavunja sheria ya kule, ama hana kibali chochote. Gharama halali za mfanyakazi zinakuja baadaye: dola 345 kwa kila mtu katika familia kwa ombi la visa, na dola 235 za USCIS kabla ya kusafiri, mbali na daktari na safari. Tena zile 345 zinalipwa mtandaoni kupitia akaunti ya benki ya Marekani. Katika mji ambao benki zake zilifungwa Februari 2025, hiyo ina maana ya kumtegemea ndugu au mwajiri aliyeko kule.

Basi ile tarehe ya 1 Aprili 2023 ni ya nini? Sheria ya Marekani inatoa visa za kazi 140,000 hivi kwa mwaka kwa dunia nzima, na mume, mke na watoto wanahesabiwa humo humo. Wanaoomba ni wengi zaidi. Kila mtu anapewa tarehe ya foleni: siku PERM ilipopokelewa na Wizara ya Kazi, au, kwa muuguzi, siku I-140 ilipopokelewa. Kila mwezi jedwali linasema foleni imefika wapi. Mwenye tarehe iliyo kabla ya ile ya jedwali anaitwa. Wengine wanangoja.

Wakongomani wako katika safu ya jumla, pamoja na nchi nyingi za dunia, kwa sababu nchi yetu haifiki kikomo cha asilimia 7 ambacho hakuna nchi inayoruhusiwa kukipita. Hiyo ni bahati. Mhindi wa daraja la tatu, daraja la mafundi na wauguzi, katika jedwali la Oktoba 2025 alisoma tarehe ya Agosti 2013. Lakini katika safu yetu pia kuna wanaoumia: wafanyakazi wasio na ufundi maalum, wale wa viwanda vya nyama na usafi, katika jedwali hilo walikuwa wamefika 15 Julai 2021 tu.

Na tarehe inaweza kurudi nyuma. Juni 2024 daraja la tatu lilikuwa limefika 22 Novemba 2022. Julai likarudishwa 1 Desemba 2021, karibu mwaka mzima. Septemba likarudishwa tena, mpaka 1 Desemba 2020. Oktoba, mwaka mpya wa bajeti wa Marekani ulipoanza, likaruka hadi 15 Novemba 2022. Aliyekwisha kuuza kiwanja Juni akitegemea kuitwa Julai alipata hasara bila dosie yake kuwa na kasoro yoyote.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wenye tarehe za kweli za jedwali. Muuguzi wa Ibanda, I-140 yake ilipokelewa 3 Aprili 2023. Tangu Julai hadi Oktoba 2025 alipitwa na siku mbili. Ombi lilikubaliwa 29 Novemba 2023, baada ya siku 240. Ana mtoto wa kwanza wa kutimiza miaka 21 tarehe 10 Desemba 2025. Kwa sheria ya Marekani, mwenye miaka 21 si mtoto tena. Hawezi kuingia katika visa ya mama yake.

Ipo sheria inayomkinga. Siku tarehe ya foleni inapofikiwa, umri wa mtoto unahesabiwa kwa kuondoa siku zote ambazo I-140 ilikaa USCIS bila jibu. Kijana huyu anaondolewa siku 240, na hivyo alikuwa na nafasi mpaka siku za kwanza za Agosti 2026, mradi aombe visa ndani ya mwaka mmoja tangu nafasi ipatikane. Sasa angalia upande wa pili. Mwajiri anaweza kulipa ada ya ziada, iliyokuwa dola 2,805 mwaka 2025, ili USCIS ijibu I-140 ndani ya siku 15 za kazi. Kama mwajiri wa muuguzi huyu angelipa huduma ya haraka, ombi lingekaa kama wiki tatu tu, na kinga ya mtoto ingeisha pamoja na mwaka 2025. Foleni ya visa isingepungua hata siku moja. Familia yenye kijana wa miaka 18 au 19 inapaswa kufanya hesabu hii kabla ya kumshukuru mwajiri kwa haraka yake. Muda wa PERM, kwa wanaoihitaji, hauondolewi kabisa.

Haya yote yanampata mtu wa Manila au Lagos pia. Kilicho cha Bukavu ni karatasi. M23 iliingia mjini katikati ya Februari 2025, na Kinshasa haitambui utawala wake. Pasipoti ya Kongo inatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kinshasa. Kazie judisieri, cheti cha kuonyesha kwamba mtu hana hukumu, kwa visa ya kuhamia Marekani hakitakiwi kupita miaka miwili kama mtu bado anaishi nchini. Vipimo vya daktari aliyeidhinishwa na ubalozi kwa kawaida vinadumu miezi sita, na visa yenyewe haizidi uhai wa vipimo hivyo. Mtu aliyekusanya kila kitu mwanzoni mwa 2023 leo ana cheti kilichokwisha, pengine na pasipoti inayokaribia kuisha, na ofisi alikozipata hazitumikii tena dola ile ile. Hati ya kuzaliwa iliyotiwa sahihi baada ya Februari inaweza kumletea maswali mbele ya konsula.

Kwa hiyo ushauri wa kungoja kuitwa ndipo utafute karatasi, uliokuwa wa busara zamani, kwa Bukavu haufai tena. Wala wa kukusanya zote mapema haufai. Kinachoweza kufanywa ni kuzigawa: pasipoti na hati za kuzaliwa, ambazo haziishi haraka au haziishi kabisa, zitafutwe tarehe ikiwa bado mbali, katika mji ambao ofisi za Kinshasa zinafanya kazi, kazie judisieri wakati National Visa Center inapoiomba, daktari mwishoni kabisa.

Kuna pia mahali pa mahojiano. Wengine walikuwa wakitarajia kufanyia Kigali, Nairobi au Kampala, karibu na nyumbani kuliko Kinshasa. Marekani ilitangaza kwamba kuanzia 1 Novemba 2025 mwombaji wa visa ya kuhamia anapangiwa mahojiano katika nchi anayoishi au nchi ya uraia wake. Anayeishi kweli Kampala na ana karatasi za kuonyesha hivyo anaweza kuitwa Kampala. Mwenye kulala Nguba na kuvuka Ruzizi asubuhi anaitwa Kinshasa. Ndege za abiria hazitui tena Kavumu, na hakuna barabara ya kufika huko, kwa hiyo wengi wanapita Kamembe na Kigali, kisha ndege ya kuzunguka kupitia nchi ya tatu, pamoja na watoto wote walioandikwa katika dosie.

Swali moja lilirudi tangu Juni 2025: je, Wakongomani hawakufungiwa mlango? Waliofungiwa, kwa amri iliyoanza kutumika 9 Juni 2025, ni wa Kongo-Brazzaville. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwamo katika orodha hiyo ya Juni 2025. Majirani wa Burundi wamo katika zuio la sehemu, nalo linagusa visa za kuhamia. Mwenye pasipoti mbili za nchi hizi aangalie vizuri ni ipi iliyoandikwa katika ombi lake.

Oktoba 2025, jedwali la Novemba lilikuwa linangojewa. Katika daraja la tatu, safu ya jumla, kila mwenye tarehe ya wiki ya kwanza ya Aprili 2023 alikuwa akiitafuta mistari ile ile, na muuguzi wa mfano wetu angekuwa anatafuta siku mbili tu.